Lugha, Msemaji na Waliokosekana: Kuboresha Uwasilishaji wa Data za Ubora wa Maisha katika Tafiti za Afya, kwa Mfano wa Tarakea, Wilaya ya Rombo

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna data za ubora wa maisha zinavyopaswa kuripotiwa katika tafiti za afya zinazofanyika katika jamii zenye lugha zaidi ya moja. Hoja yake kuu ni kwamba alama ya ubora wa maisha haiwezi kufasiriwa ipasavyo iwapo ripoti haielezi maneno aliyoulizwa mshiriki, mtu aliyetoa jibu, washiriki ambao majibu yao hayakupatikana, na utaratibu uliotumika kuyageuza majibu kuwa namba. Mji wa Tarakea, uliopo mpakani mwa Tanzania na Kenya katika mteremko wa mashariki wa Mlima Kilimanjaro, umetumika kama mahali pa kuipima hoja hiyo. Makala inapitia miongozo ya CONSORT PRO (2013) na SPIRIT-PRO (2018), inaonesha mahali ambapo miongozo hiyo inahitaji kukamilishwa, na inapendekeza kiolezo cha aya ya kuripoti.

Maneno msingi: ubora wa maisha, dodoso, tafsiri ya papo kwa hapo, data zilizokosekana, Tarakea

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu tafiti za afya zimejikita katika vipimo vinavyoonekana kwa jicho au kwa chombo: shinikizo la damu, idadi ya chembe za CD4, ukubwa wa uvimbe, au idadi ya siku alizoishi mgonjwa baada ya matibabu. Vipimo hivyo ni vya lazima, lakini haviwezi kueleza kama mgonjwa analala usiku, kama bado anaweza kuhudumia migomba ya kihamba chake, au kama ameacha kwenda msibani kwa sababu ya kuona haya kutokana na ugonjwa wake. Mambo hayo anayajua mgonjwa mwenyewe, na njia ya kuyapata ni kumuuliza.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, kupitia kikundi chake cha WHOQOL, lilifafanua ubora wa maisha mwaka 1995 kuwa ni namna mtu anavyoiona nafasi yake maishani, ndani ya utamaduni na mfumo wa maadili anamoishi, na kwa kuzingatia malengo, matarajio na mahangaiko yake. Fasili hiyo inauweka utamaduni ndani ya kitu chenyewe kinachopimwa. Kwa sababu utamaduni huishi ndani ya lugha, ripoti inayotoa alama za ubora wa maisha bila kueleza lugha iliyotumika imeacha sehemu ya kipimo.

Upungufu huo una athari. Alama za ubora wa maisha hutumika kulinganisha dawa, kupanga huduma shufaa na kukadiria kama tiba fulani inastahili gharama zake. Iwapo alama hizo zimepatikana kwa njia ambayo msomaji hawezi kuitambua, maumivu ya mgonjwa yanaweza kupotea ndani ya wastani, na uamuzi ukafanywa kana kwamba hayakuwapo.

2.0 Vyombo vya Kupimia na Safari Yake hadi Kilimanjaro

Vyombo vinavyotumika zaidi vilitungwa nje ya Afrika Mashariki, au kwa ushirikiano wa nchi nyingi. SF-36 ina maswali 36 na hupima nyanja 8 za afya. WHOQOL-BREF ina maswali 26 na hupima nyanja 4: mwili, nafsi, mahusiano ya kijamii na mazingira. EQ-5D inauliza kuhusu mambo 5: kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu au usumbufu wa mwili, na wasiwasi au huzuni. QLQ-C30, iliyochapishwa mwaka 1993 kwa ajili ya wagonjwa wa saratani, ina maswali 30.

Kiswahili kiliingia mapema katika kazi hii. Mwaka 1999 Wagner na wenzake walichapisha toleo la Kiswahili la SF-36 kwa matumizi ya Tanzania, na mwaka huohuo Wyss na wenzake wakachapisha uthibitisho wake kwa sampuli wakilishi ya wakazi wa mjini, Dar es Salaam. Kazi hizo ni msingi muhimu. Hata hivyo, uhalali uliothibitishwa Dar es Salaam ni uhalali wa Dar es Salaam. Ukihamishiwa kijiji cha mlimani, ni dhana inayopaswa kupimwa upya.

Katika Mkoa wa Kilimanjaro, Howitt na wenzake (2011) walitumia WHOQOL-BREF kuchunguza ubora wa maisha ya watu walionusurika kiharusi katika Wilaya ya Hai, upande wa magharibi wa mlima. Hai na Rombo zimo katika mkoa mmoja, lakini mzee wa Hai aliyelelewa katika Kimachame na mzee wa Rombo aliyelelewa katika Kirombo hawana lugha moja ya nyumbani. Matokeo ya upande mmoja hayawezi kupelekwa upande wa pili bila maelezo.

3.0 Miongozo Iliyopo

Mwongozo wa CONSORT PRO, uliochapishwa na Calvert na wenzake mwaka 2013, ulitolewa kwa ajili ya majaribio ya kitabibu ambamo mgonjwa mwenyewe anaripoti hali yake. Unasisitiza mambo matano. Kwanza, ikisiri itaje kama ripoti ya mgonjwa ni tokeo kuu au la ziada. Pili, nadharia tete na nyanja zinazohusika zitajwe. Tatu, ushahidi wa uhalali na uthabiti wa chombo utolewe, pamoja na kumtaja anayekijaza na njia ya ukusanyaji. Nne, namna ya kushughulikia data zilizokosekana ielezwe. Tano, mipaka ya matokeo na upana wa matumizi yake vijadiliwe.

Mwongozo wa SPIRIT-PRO wa mwaka 2018 unahusu itifaki, yaani mpango unaoandikwa kabla ya utafiti kuanza. Huu unataka mtafiti aseme kama matoleo ya lugha zaidi ya moja yatatumika, na kama tafsiri hizo zilitengenezwa kwa mbinu zinazokubalika.

Miongozo yote miwili inafaa kufuatwa. Hata hivyo, ina dhana moja ambayo haijaandikwa: kwamba lugha iliyochapishwa kwenye karatasi ndiyo lugha iliyomfikia mshiriki. Dhana hiyo ina nguvu mahali ambapo mgonjwa hujisomea na kujijazia dodoso. Mahali ambapo dodoso husomwa na mtu mwingine kwa sauti, inahitaji kuthibitishwa.

4.0 Tarakea kama Mahali pa Kupimia

4.1 Lugha ya karatasi na lugha ya mdomo

Tarakea ni mji wa biashara wa mpakani. Kirombo ndiyo lugha ya majumbani kwa wenyeji wengi, hasa wazee. Kiswahili ni lugha ya shule, ofisi, soko na zahanati. Na kutoka upande wa Loitokitok nchini Kenya huja wasemaji wa Kimaasai, Kikamba na lugha nyingine. Utafiti unaosema tu kwamba "dodoso la Kiswahili lilitumika" haujaeleza kilichotokea pale bibi wa miaka 75 aliposhindwa kulielewa swali na mtafiti msaidizi akaligeuza kwa Kirombo palepale.

Tafsiri ya namna hiyo, ambayo makala hii inaiita tafsiri ya papo kwa hapo, ni chombo kipya kisicho na toleo, tarehe wala uthibitisho. Wasaidizi watatu wanaweza kulitafsiri swali moja kwa namna tatu, na msaidizi mmoja anaweza kulitafsiri asubuhi tofauti na alivyolitafsiri jioni. Katika jedwali la matokeo majibu hayo yote huwekwa pamoja kama majibu ya dodoso moja. Kuzuia tafsiri hiyo si suluhisho, kwa maana kungewaondoa wazee na watu wasiosoma, ambao mara nyingi ndio wenye mzigo mkubwa wa ugonjwa. Kinachohitajika ni kuihesabu: ni mahojiano mangapi yalifanyika kwa Kiswahili kitupu, mangapi kwa lugha mbili, na mangapi kwa Kirombo kitupu, na kama alama za makundi hayo zilitofautiana.

Mazingira pia huingia ndani ya maneno. SF-36 asilia inatoa mifano ya shughuli za wastani kama kusukuma mashine ya kufyonza vumbi na kucheza gofu, kisha inauliza kuhusu kutembea zaidi ya maili moja. Katika mteremko wa Rombo, kilometa moja ya kushuka kwenda shamba la tambarare na kilometa moja ya kupanda kurudi nyumbani na mzigo wa majani ya ng'ombe ni kazi mbili tofauti kabisa. Mtafiti akibadilisha mfano ili ueleweke, amefanya jambo jema. Lakini msomaji anapaswa kuoneshwa mfano uliowekwa badala yake.

4.2 Maamkizi na maneno ya ngazi

Kiswahili kina adabu yake ya kuulizana hali. Mhudumu akisema, "Shikamoo bibi, habari za tangu juzi?" anaweza kujibiwa, "Marahaba mjukuu wangu, nzuri tu, ila mguu huu haunipi usingizi." Msemaji yeyote wa Kiswahili anajua kuwa "nzuri" ya mwanzo ni haki ya salamu, na kwamba hali yenyewe imo baada ya neno "ila". Dodoso nyingi huanza na swali la jumla kuhusu afya. Likisomwa mara baada ya salamu, swali hilo linaweza kupata jibu la salamu, na mhojaji akaweka alama kwenye "nzuri" kabla "ila" haijafika.

Neno "afadhali" lina tatizo la aina nyingine. Mgonjwa anayesema "afadhali" analinganisha leo na jana. Hasemi yuko wapi katika ngazi. Aliyekuwa hawezi kukaa na sasa anakaa ni "afadhali", ingawa bado hawezi kusimama. Vivyo hivyo "namshukuru Mungu" ni kauli ya imani inayoweza kutolewa katika hali yoyote. Neno "kiasi" nalo, ambalo hutafutwa ili lisimamie ngazi ya kati, kwa msemaji mmoja humaanisha wastani na kwa mwingine humaanisha kidogo tu. Katika eneo la nafsi, "kuwa na mawazo" kwa kawaida humaanisha kuwa na wasiwasi au majonzi, ilhali "sonona" ni istilahi ya wataalamu ambayo mgonjwa anaweza kuwa hajawahi kuisikia.

Kwa hiyo ripoti inapaswa kuonesha maneno halisi ya ngazi za majibu kwa Kiswahili, walau katika kiambatisho, na kueleza kanuni waliyopewa wahojaji kuhusu majibu yasiyo ya ngazi. Kanuni inaweza kuwa fupi: mshiriki akijibu "afadhali" au "namshukuru Mungu", swali hurudiwa pamoja na ngazi zake zote, na jibu la pili ndilo huandikwa.

4.3 Aliyejibu na waliosikia

Mgonjwa wa kiharusi aliyepoteza usemi hujibiwa na mwanawe. Mzee asiyesikia vizuri hujibiwa na mkewe. Hayo hayaepukiki, lakini majibu ya niaba hayana uzito sawa katika nyanja zote: ndugu huona vizuri kama mgonjwa anatembea au anavaa mwenyewe, na huona kwa shida zaidi maumivu yake na huzuni yake. Kuchanganya majibu ya niaba na ya mgonjwa mwenyewe bila kuyatenganisha kunaficha tofauti hiyo.

Wanaosikia nao wana nafasi yao. Nyanja ya mahusiano ya kijamii katika WHOQOL-BREF ina maswali matatu tu, na mojawapo linahusu kuridhika na maisha ya kujamiiana. Mama mkwe aliyeketi barazani na mkaza mwana wake karibu naye hatalijibu swali hilo kwa uhuru, na pengine hatalijibu kabisa. Likiachwa, maswali mawili yaliyobaki hubeba uzito wa nyanja nzima. Ripoti isiyotaja idadi ya walioliruka swali hilo, wala kama mahojiano yalikuwa ya faragha, inamwachia msomaji alama ambayo hajui imejengwa kwa vipande vingapi.

4.4 Waliokosekana

Mgonjwa wa Tarakea anayetakiwa kurudi katika Hospitali ya Rufaa ya KCMC mjini Moshi husafiri kupitia Mkuu, Marangu na Himo. Anahitaji nauli, nguvu na mara nyingi mtu wa kumsindikiza. Hivyo, anayeshindwa kurudi kwa kipimo cha pili huenda ameshindwa kwa sababu ileile ambayo utafiti ulitaka kuipima.

Mfano wa kubuni unatosha kuonesha uzito wa jambo hili. Chukulia wagonjwa 10 mwanzoni mwa utafiti: watano wana alama 70 kila mmoja, na watano wana alama 30 kila mmoja. Wastani ni 50. Baada ya miezi sita wanarudi wale watano wenye 70 peke yao, na bado kila mmoja ana 70. Wastani sasa ni 70. Ripoti inaweza kuandika kwamba ubora wa maisha umepanda kwa alama 20, ilhali hakuna hata mmoja aliyepata nafuu.

Kasoro hii hugunduliwa kwa jedwali dogo linaloonesha, kwa kila kipimo, idadi iliyotarajiwa, iliyopatikana, waliofariki, waliohama, waliozidiwa na ugonjwa, na ambao sababu yao haikujulikana. Pamoja na alama za mwanzo za waliorudi zikilinganishwa na za wasiorudi. Kifo kisiwekwe kapu moja na kukosa nauli. Pale inapowezekana, kumfuata mgonjwa nyumbani au kumhoji kwa simu kuandikwe kama njia tofauti ya ukusanyaji.

4.5 Mwelekeo, ukubwa na thamani ya alama

Alama ikishapatikana, hubaki kazi ya kuieleza. Katika QLQ-C30 nyanja zote hupimwa kwa kipimo cha 0 hadi 100, lakini alama kubwa katika nyanja ya utendaji ni habari njema, na alama kubwa katika dalili kama maumivu ni habari mbaya. Kila jedwali linapaswa kutaja mwelekeo huo, kwa kuwa msomaji wa jedwali si lazima awe amesoma sura ya mbinu.

Umuhimu wa kitakwimu pia hautoshi. Osoba na wenzake (1998), wakichunguza wagonjwa wa saratani ya matiti na ya mapafu, walipendekeza kuwa katika chombo hicho badiliko la alama 5 hadi 10 ni dogo, 10 hadi 20 ni la wastani, na zaidi ya 20 ni kubwa kwa mgonjwa. Vigezo hivyo vinaweza kuazimwa, ila itajwe kuwa vimeazimwa na vimetoka wapi.

Jambo linalofichika zaidi ni jedwali la thamani la EQ-5D. Majibu ya mgonjwa hugeuzwa kuwa namba moja ambayo 1 ni afya kamili na 0 ni sawa na kifo, kwa kutumia maoni ya wananchi wa nchi fulani. Chukulia mgonjwa ambaye, katika toleo la ngazi tatu, ana maumivu ya ngazi ya juu kabisa lakini hana tatizo katika mambo mengine manne. Kwa jedwali la Uingereza (Dolan, 1997) hupata 0.264; kwa jedwali la Zimbabwe (Jelsma na wenzake, 2003) hupata 0.598. Tiba ikiondoa maumivu hayo kwa mwaka mmoja, faida ni 0.736 ya mwaka wenye afya kamili kwa hesabu ya kwanza, na 0.402 kwa hesabu ya pili. Mgonjwa ni mmoja na majibu yake hayakubadilika, lakini tiba yake imeonekana na thamani karibu mara mbili, kutegemea jedwali alilolichagua mtafiti. Kwa sababu hiyo ripoti inapaswa kulitaja jedwali, kueleza sababu ya kulichagua, kurudia hesabu kwa jedwali jingine, na kuchapisha mgawanyo wa majibu ghafi ya mambo yote matano ili watafiti wengine waweze kukokotoa upya.

5.0 Kiolezo cha Aya ya Kuripoti

Mambo yaliyojadiliwa yanaweza kukusanywa katika aya moja ya sura ya mbinu, bila kurefusha ripoti kupita kiasi. Kiolezo kinachopendekezwa ni hiki:

*Ubora wa maisha ulipimwa kwa dodoso la ____, toleo la Kiswahili la mwaka ____, lililothibitishwa katika ____. Mifano iliyobadilishwa ili kuendana na mazingira imeoneshwa katika Kiambatisho ____. Dodoso lilisomwa kwa sauti kwa washiriki ____ na kujazwa na washiriki wenyewe ____. Mahojiano ____ yalifanyika kwa Kiswahili kitupu, ____ kwa Kiswahili na Kirombo, na ____ kwa Kirombo kitupu; tafsiri ya Kirombo ilikubaliwa kabla na wahojaji wote / ilifanywa papo kwa hapo. Majibu ____ yalitolewa na ndugu kwa niaba ya mgonjwa. Mahojiano ____ yalifanyika kwa faragha. Katika kipimo cha ____, majibu ____ kati ya ____ yaliyotarajiwa hayakupatikana kwa sababu zilizooneshwa katika Jedwali ____. Alama kubwa inamaanisha ____. Thamani zilikokotolewa kwa jedwali la ____, kwa sababu ____.*

Kiolezo hiki kina sharti moja: nafasi zake haziwezi kujazwa mwishoni mwa utafiti kama hazikupangwa mwanzoni. Fomu ya uwandani lazima iwe na kisanduku cha lugha iliyotumika, kisanduku cha aliyejibu na kisanduku cha waliokuwapo. Visanduku hivyo huchukua sekunde chache kwa kila mahojiano, na vinapaswa kuonekana katika itifaki inayowasilishwa kwa kamati ya maadili ya utafiti.

6.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba uboreshaji wa ripoti za ubora wa maisha hauhitaji kwanza chombo kipya wala programu mpya ya takwimu. Unahitaji kuandikwa kwa kile ambacho wahojaji tayari wanakijua wanaporudi kutoka uwandani: nani alizungumza, kwa lugha gani, nani alikuwa amekaa karibu, na nani hakupatikana. Miongozo ya kimataifa imeweka msingi, na mazingira kama ya Tarakea yanadai nyongeza mahususi kuhusu tafsiri ya papo kwa hapo na maneno ya ngazi.

Inapendekezwa kwamba watahini wa tasnifu za afya waombe kuoneshwa maneno ya Kiswahili yaliyotumika katika dodoso, hata pale tasnifu inapoandikwa kwa Kiingereza. Kwamba vyuo viwashirikishe wataalamu wa Kiswahili na wa lugha za jamii tangu hatua ya itifaki. Na kwamba tafsiri zilizokubaliwa za Kirombo, na za lugha nyingine za Kilimanjaro, zihifadhiwe katika hazina huria za vyuo ili mtafiti anayefuata asianze upya. Utafiti zaidi unahitajika kulinganisha, kwa washiriki walewale, majibu yanayotolewa kwa Kiswahili na yanayotolewa kwa lugha ya nyumbani, hasa katika maswali ya maumivu na ya huzuni.